Ramani ya Kisumu Iliyo Akilini: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba aliyeishi Kisumu miaka mingi amebeba kichwani nakala ndogo ya ramani ya jiji, yenye pande na umbali wote jinsi ulivyo. Ukweli ni kwamba ramani ya akilini hujengwa na safari, kwa hiyo hupinda pale njia zinapopinda. Kendu Bay iko ng'ambo ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kusini mwa jiji, lakini abiria wa matatu hupelekwa kwanza Ahero, akapitia Katito, ndipo gari ligeuke kuelekea magharibi. Si ajabu akauona mji huo kuwa mbali kuliko anavyouona mvuvi wa Dunga, ufuo wa Kisumu, ambaye njia yake ni maji. Hata dira ya akilini hupotoshwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1978 ulionyesha kwamba watu hukumbuka jimbo kwanza, kisha mji: wengi walidhani Reno, ulioko Nevada, uko mashariki ya San Diego, ulioko California, kwa kuwa Nevada iko mashariki ya California, kumbe mji wa Reno uko magharibi ya San Diego.

Wengine hudai kwamba asiyejua majina ya barabara, au asiyeweza kuichora ramani, haujui mji wake. Dai hili si la haki. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani aliyewahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, alieleza mwaka 1960 kwamba taswira ya mji hujengwa kwa njia, kingo, mitaa, makutano na alama zinazoonekana. Mama anayemwelekeza mgeni akisema, "Ukishapita soko la Kibuye, shukia Kondele," ametumia alama na makutano kwa ufasaha, na ingefaa wapangaji wa jiji wamsikilize kabla ya kuhamisha kituo au kubomoa jengo ambalo watu hulitumia kuelekezana.

Kuna pia wanaoamini kwamba kujua njia ni kipawa cha kuzaliwa nacho tu. Mwaka 2000, mwanasayansi wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake waligundua kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva wa teksi wa London. Je, walizaliwa hivyo? Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuatilia wanafunzi wa kazi hiyo kwa miaka kadhaa: waliofaulu mtihani walionyesha ongezeko katika sehemu hiyo ya ubongo, ilhali waliofeli hawakuonyesha, ingawa walipoanza mafunzo hapakuwa na tofauti baina yao.