Maji yanapolamba mawe: neno “lap” na ziwa letu

Wiki mbili zilizopita nililetewa kazi ndogo ya kufasiri, kurasa tatu za kutangaza nyumba ya wageni iliyo ufukweni. Kiingereza chake kilimwahidi mgeni kwamba usiku atasikia mawimbi “lapping” chini ya dirisha. Mteja alikuwa na tafsiri ya awali aliyofanyiwa na mtu mwingine: “Usiku utasikia mawimbi yakipiga chini ya dirisha lako.” Nikamsomea shangazi yangu, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliyekuwa amekuja kututembelea. Akaniuliza, “Mwanangu, mawimbi yanapiga usiku, na watu wamelala humo?”

Shangazi alishika kosa lenyewe. Huku kwetu wimbi likipiga, kuna habari. Ukimwambia mtu mtumbwi umepigwa na wimbi, swali linalofuata ni wangapi wamepona. “Lap” ni neno la maji yasiyomtisha mtu: kijiwimbi kinakuja, kinagusa jiwe au ubavu wa chombo, kinarudi, kinakuja tena. Mwingereza hawezi kulitumia kwa wimbi linalopindua chombo. Hapo atasema “crash” au “pound”.

Wengi wetu tumelizoea “lap” kwa sababu ya laptopu, kompyuta ya mapajani. Hilo ni neno jingine, ingawa huandikwa vilevile. “Lap” ya mapaja ilitokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha pindo la nguo. “Lap” ya maji ilitoka kwenye kitenzi “lapian”, yaani kunywa kwa kulamba kwa ulimi, na hadi leo paka akinywa maziwa kwenye kisahani Mwingereza husema “the cat laps the milk”. Kwa hiyo ulimi ulitangulia, mawimbi yakafuata.

Jambo hili nilikuwa nalijua kwa kusoma kamusi, lakini niliamini siku moja mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi mapema. Mbwa alikuwa anakunywa maji pembeni mwa mtumbwi uliofungwa. Ulimi wake ulijikunja kwa nyuma kama kijiko, ukaingia, ukatoka, ukaingia. Hatua mbili kutoka hapo maji yalikuwa yakiingia chini ya ubavu wa mtumbwi na kutoka. Nikafumba macho. Kwa sekunde kadhaa sikuweza kutofautisha sauti ipi ni ya mbwa na ipi ni ya ziwa.

Sauti yenyewe ina maelezo yake. Mwaka 1933 mwanafizikia Marcel Minnaert, aliyekuwa akifanya kazi Utrecht, Uholanzi, alionyesha kwamba mlio wa maji yanayotembea hutoka kwenye viputo vya hewa. Kiputo kikinaswa ndani ya maji hutanuka na kusinyaa haraka sana, na mtetemo huo ndio tunaousikia. Chenye upana wa milimita 2 hutetemeka mara 3,000 na ushee kwa sekunde, na kikiwa kikubwa zaidi mlio huwa mzito zaidi. Kijiwimbi kikiingia katikati ya mawe hunasa hewa kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayolia.

Saa nayo ina maana. Maji ya Ziwa Victoria hayapwi na kujaa kama ya bahari kule pwani. Mawimbi yake huletwa na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, na maji ya karibu na ufukwe yakabaki yamelala. Ufukwe uleule, basi, alfajiri ni wa “lap”, na jioni upepo ukikaza si wake tena.

Sasa kwa Kiswahili tufanyeje? Lugha yetu ina sikio kali la maji. Kitu kikitumbukia tunasema chubwi, na methali “chururu si ndo ndo ndo” inatenganisha mchirizi na matone kwa sauti tu. Kwa kijiwimbi nategemea kitenzi, na mimi nasimamia kulamba. Kuna watakaosema maji hayana ulimi. Mbona moto tumeupa? Tunasema ndimi za moto na hakuna anayeshtuka. Ukitaka kuonyesha mguso mwepesi unaorudiwa, unarudufu kitenzi: maji yanagusagusa, yanalambalamba. Lakini lambalamba usiliache lisimame peke yake kama jina, maana watoto watafikiria barafu ya kijiti, na wakubwa waganga wanaofichua wachawi.

Angalia pia namna Kiingereza kinavyolitumia. “The water laps the rocks”, “laps at the rocks” na “laps against the boat” zote ni sahihi. “At” huonyesha maji yanafika ukingoni tu, “against” huonyesha kuna kitu kimesimama kinayazuia. Kwa mtumbwi mimi huandika “yakilamba ubavu wa mtumbwi”, na ule ubavu unabeba kazi ya “against”. Na “the lapping of the waves” usihangaike kuitafutia nomino. Irudishe kwenye kitenzi: “mawimbi yanavyolamba”.

Kwenye zile kurasa niliandika: “Usiku ziwa likitulia, utasikia maji yakilamba mawe chini ya dirisha lako.” Hilo “likitulia” halimo katika Kiingereza chake. Nililiongeza kwa makusudi, kwa ajili ya msomaji aliyekulia ziwani. Shangazi akaisoma mwenyewe, akauliza chumba ni shilingi ngapi.