Je, wajua kwa nini uniti moja ya umeme haina bei moja?

Chukua wateja wawili wa shirika moja la umeme la jiji. Wa kwanza ana karakana ya kuchomelea vyuma. Mashine zake zote zikiwaka pamoja hula kilowati 50, lakini huziwasha saa mbili tu kwa siku. Wa pili ana chumba cha baridi kinachovuta kilowati 4 na ushee, ila hakizimwi usiku wala mchana. Uniti ni kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima, kwa hiyo ukipiga hesabu, kila mmoja anatumia uniti 100 kwa siku, yaani 3,000 kwa mwezi wa siku 30. Msoma mita ataandika namba ileile kwa wote wawili. Je, walipe sawa?

Wengi watasema ndiyo, kwani uniti ni uniti. Mhandisi wa shirika atatikisa kichwa, na ukielewa kwa nini anatikisa, umeshaelewa nusu ya mambo yaliyomo kwenye bili yako.

Tatizo ni kwamba umeme kwa sehemu kubwa hauwekwi ghalani. Betri kubwa zimeanza kuingia kwenye gridi, lakini bado karibu umeme wote huzalishwa papo hapo unapotumika. Kwa hiyo mitambo, nyaya na transfoma hazijengwi kwa kuangalia wastani wa matumizi. Hujengwa kwa kuangalia ile saa moja nzito kuliko zote, jiji zima linapowasha kila kitu kwa mkupuo. Saa nyingine zote sehemu ya mitambo hiyo imekaa tu, huku mkopo uliojenga ukiendelea kulipwa. Mwenye karakana amelilazimu shirika liwe na kilowati 50 zinazomsubiri. Mwenye chumba cha baridi, hata 5 zinamtosha.

Tutumie sarafu ya kubuni tuone tofauti. Tuseme kuzalisha uniti 10 kunagharimu sarafu 1, na kuweka kilowati moja tayari kwa mwezi kunagharimu sarafu 12. Kwa uniti zao, kila mteja amelitia shirika gharama ya sarafu 300. Kwa utayari, karakana imeongeza 600 na chumba cha baridi kimeongeza 50. Jumla yake ni 900 kwa huyu na 350 kwa yule. Sasa shirika likiamua kutoza bei moja kwa kila uniti, litagawa zile 1,250 sawasawa, na kila mmoja atalipa 625. Mwenye chumba cha baridi atakuwa anamlipia jirani yake sarafu 275 kila mwezi, na hakuna hata mmoja wao atakayejua.

Kuna jambo hapa ambalo hesabu hiyo imelificha kidogo. Ikiwa karakana inachomelea saa tisa usiku jiji likiwa limelala, mitambo ya kuzalisha haina habari nayo, ipo na haina kazi. Gharama yake itabaki kwenye waya na transfoma ya mtaani tu. Ikichomelea saa ya kilele, yaani ile saa nzito kuliko zote, inasukuma mfumo mzima hadi kwenye kituo cha kuzalishia. Kumbe swali halisi si mteja anavuta umeme kiasi gani pekee, bali anauvuta sambamba na nani.

Haya hayakujulikana tangu mwanzo. Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison alipofungua kituo chake cha kuzalisha umeme cha Pearl Street, New York, mwezi Septemba 1882, shida yake ya kwanza ilikuwa kupima tu. Mita yake ilikuwa chupa yenye vipande vya zinki ndani ya kimiminika: umeme ukipita, zinki ilihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na mfanyakazi alivipima kwenye mizani ili kujua mteja adaiwe nini. Miaka 10 baadaye, mwaka 1892, mhandisi Mwingereza John Hopkinson alieleza kinagaubaga kwamba gharama ya umeme ni mbili ndani ya moja: ile ya kuwa tayari na ile ya kutoa, hivyo bei nayo iwe na sehemu mbili.

Aliyelitia wazo hilo mikono na miguu ni Arthur Wright, mhandisi wa umeme katika mji wa Brighton, Uingereza. Alibuni kifaa cha mrija wa kioo: mkondo wa umeme ulipozidi, joto lake lilitanua hewa, hewa ikasukuma kimiminika hadi kikamwagikia mrija wa pembeni. Kilichomwagika hakikurudi. Msomaji akija, alikuta alama ya kiasi kikubwa kuliko vyote alichowahi kuvuta mteja. Mwaka 1894 Samuel Insull, aliyekuwa katibu wa Edison kabla ya kuongoza kampuni ya umeme Chicago, alipita Brighton na kuona jinsi watu wanavyotozwa. Alirudi na mtindo huo Marekani, nao ukasambaa.

Turudi kwenye jiji la leo. Shirika la umeme linalomilikiwa na jiji, kama lilivyo la Los Angeles au la Seattle, halina wanahisa wanaosubiri gawio. Katika majimbo mengi ya Marekani bei zake hazipitishwi na tume ya jimbo kama ilivyo kwa kampuni binafsi. Zinapitishwa na baraza la jiji au bodi yake. Kwingine ngazi huongezeka: Afrika Kusini, manispaa hupanga bei zake lakini msimamizi wa nishati wa taifa ndiye anayeziidhinisha.

Kazi huanza kwa kuuliza mwaka ujao shirika litahitaji fedha ngapi. Kuna umeme wa kununua au mafuta ya kuendesha mitambo, mishahara, ukataji wa miti inayogusa nyaya, nguzo za kubadilisha, na kuna madeni. Mashirika haya hujenga kwa fedha za hati fungani, na wakopeshaji hawaridhiki kuambiwa kwamba fedha za kuwalipa zitatosha. Mikataba mingi hudai mapato, baada ya kutoa gharama za uendeshaji, yazidi rejesho la mwaka, mathalani yawe mara 1.25 ya rejesho hilo. Ndiyo maana shirika lisilotafuta faida bado hukusanya zaidi ya linachotumia. Ziada hiyo hujenga laini mpya au hukaa kama akiba.

Halafu kuna fungu ambalo wateja wachache hulijua: fedha zinazohamishwa kutoka shirika la umeme kwenda hazina ya jiji. Miji mingi hufanya hivyo, kwa hoja kwamba kampuni binafsi ingelipa kodi mahali hapo. Hoja ina mantiki. Lakini asilimia ikiwa kubwa, hiyo ni kodi iliyovaa kanzu ya umeme, na mtu mwenye kipato kidogo huilipa kila anapowasha taa. Kwa maoni yangu ingeandikwa kwenye bili kwa mstari wake, watu waione.

Jumla ikishapatikana, wanaondoa mapato mengine, kama mauzo ya umeme wa ziada kwa mashirika jirani, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Neno zito ni hilo, zinazotarajiwa. Tuseme sehemu 60 katika kila 100 za gharama hazibadiliki hata watu watumie kidogo, kwa sababu deni na nguzo havijui kama umezima taa. Wateja wakibana matumizi kwa asilimia 10, mapato yanashuka kwa asilimia 10, lakini gharama zinashuka kwa asilimia 4 tu. Ili kuziba pengo, bei ya uniti lazima ipande kwa karibu asilimia 6.7. Watu waliotii wito wa kubana matumizi wanapandishiwa bei, na ofisa wa shirika anayetumwa kwenda kuwaeleza hilo ana kibarua kigumu.

Baada ya hapo unakuja mgawanyo wa mzigo, na hapa ndipo malumbano hukolea. Wataalamu huchambua kila gharama kwa kuangalia nini hasa kinaisababisha: mafuta hufuata idadi ya uniti, mitambo na njia kuu hufuata kilele, ilhali mita na utumaji wa bili hufuata idadi ya wateja. Kisha kila kundi, la majumbani, la maduka, la viwanda, la taa za barabarani, hubebeshwa fungu lake.

Mgawanyo huu ndio unaojibu lalamiko la siku nyingi: kwa nini kiwanda kinalipa uniti kwa bei nafuu kuliko mimi? Kwanza, kiwanda kikubwa huchukua umeme kwenye msongo mkubwa na mara nyingi hununua transfoma yake mwenyewe. Hakigusi kabisa zile nyaya za mtaani zinazopita nguzo hadi nguzo kuelekea nyumbani kwako, wala hakishiriki umeme unaopotea njiani ndani ya nyaya hizo. Pili, kinachofanya kazi zamu tatu hutumia utayari wake muda wote, kama chumba chetu cha baridi. Sehemu kubwa ya unafuu huo ni hesabu tu.

Si yote, lakini. Kilele kinaweza kupimwa kwa saa moja nzito kuliko zote mwakani, au kwa wastani wa vilele vya miezi 12, na njia zote mbili zinatetewa na wataalamu wenye sifa. Ya kwanza ikitumika mahali ambapo kilele huja jioni moja ya joto kali, mzigo mwingi huangukia majumbani. Ya pili ikitumika, viwanda hubeba zaidi. Fundi wa hesabu akishachagua njia, mamilioni yamehama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine kabla diwani hajafungua mdomo.

Kisha bei hupewa umbo. Majumbani, mteja hukutana na tozo ya kila mwezi isiyobadilika na bei ya uniti, mara nyingi kwa ngazi: uniti za mwanzo nafuu, zinazofuata ghali. Sheria ya California ya mwaka 1975 ililazimisha kiasi cha kwanza cha kukidhi mahitaji ya msingi kiuzwe kwa bei ya chini. Ngazi humsaidia maskini anayeishi peke yake. Familia maskini yenye watu wengi chini ya paa moja huumizwa nazo, kwa sababu mita huhesabu uniti, haihesabu vichwa.

Mteja mkubwa hukutana na kitu kikali zaidi: tozo ya kilele chake. Mita yake hupiga wastani wa kila dakika 15 au 30, na wastani mkubwa kuliko wote mwezini ndio anaolipia. Umeme ukikatika kisha ukarudi, msimamizi akawasha mota zote kwa pamoja ili kufidia muda uliopotea, robo saa ile moja inaweza kupandisha bili ya mwezi mzima. Baadhi ya mikataba hukikumbuka kilele hicho hadi miezi 12. Wenye uzoefu huwasha mota moja moja, kwa zamu.

Paneli za jua zimelirudisha swali la Hopkinson mezani kwa kishindo. Mwenye paneli ananunua uniti chache sana, lakini jioni jua likizama anavuta umeme kama jirani yake, waya uleule, saa ileile ya kilele. Kama gharama ya waya imefichwa ndani ya bei ya uniti, haichangii ipasavyo. Shirika likihamishia gharama hiyo kwenye tozo isiyobadilika, anayetumia umeme kidogo kwa sababu hana kitu ndiye anayeumia. Njia ninayoiona ya haki zaidi ni kutoza kwa saa: nafuu mchana jua likiwaka, ghali jioni. Mita za kisasa zinaweza. Ila anayerudi nyumbani jioni na kupika saa hiyohiyo hana pa kukwepea.

Mapendekezo yakishaiva, huwekwa wazi kwa wananchi na kikao cha kusikiliza maoni huitishwa. Wanaohudhuria zaidi huwa wanasheria wa viwanda, kwa kuwa kwao hata sehemu ndogo ya senti kwa uniti ni fedha nyingi. Madiwani hupiga kura, mara nyingi baada ya kupunguza ongezeko au kuligawa kwa miaka miwili mitatu ili lisiume kwa mara moja.

Hata hivyo, bei iliyopitishwa haitulii. Mashirika mengi huweka kifungu kinachopandisha au kushusha bili kufuatana na gharama ya mafuta bila kura mpya. Seattle, ambako umeme mwingi hutokana na maji, mwaka wa mvua haba hukausha mauzo ya umeme wa ziada, kwa hiyo jiji lina akaunti maalumu ya kutuliza bei. Akiba ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, nyongeza ndogo huingia kwenye bili yenyewe, na hukaa humo hadi akaunti ijae tena.