Je, wajua kwa nini Fort Jesus ina vyombo vya meli iliyozama lakini haina meli yenyewe?

Watoto wakiingia Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, hukimbilia mizinga kwanza. Wakishaichoka ndipo hufika kwenye sahani za Kichina na mitungi iliyotolewa katika meli ya Santo António de Tanná, na hapo swali huja lenyewe: meli iko wapi? Bado iko baharini, karibu kabisa na ngome, na imeachwa huko makusudi.

Meli hiyo ya kivita ya Wareno iliundwa Bassein, India, mwaka 1681. Ililetwa Mombasa kuwasaidia Wareno waliokuwa wamezingirwa ngomeni na Waomani tangu Machi 1696. Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa, na ngome yenyewe ikatekwa Desemba 1698. Wanaakiolojia waliifukua kuanzia 1977 hadi 1980.

Ajabu ni kwamba kulikuwa na mbao za kufukua. Mafundi wa majahazi hupaka chombo deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa sababu ubao ulio wazi katika maji yetu haudumu. Humo mna mdudu tumwitaye mnyoo, ingawa ukweli ni kwamba ni ndugu wa chaza: ana makombe mawili madogo kichwani, anayatumia kama keekee. Miaka michache tu, ubao umekuwa kama sega la nyuki. Sehemu ya juu ya meli ilikwenda hivyo. Lakini meli ililala ubavu kwenye mteremko, na upande wa chini ukafunikwa na tope. Ndani ya tope hewa hakuna. Mnyoo hawezi kuishi, na kuvu inayoozesha miti haistawi. Ndiyo maana mkuku (uti wa mgongo wa meli), mataruma (mbavu zake) na mbao za ubavuni zilikutwa bado zimeshikana.

Basi kwa nini isitolewe? Mti uliokaa majini karne tatu unaonekana mzima, kumbe ndani umelika na kinachoushikilia ni maji. Ukiuanika, maji yanatoka, vijishimo vinajikunja, na ubao unapasuka na kupinda usirudi tena. Dawa yake ni kuyaondoa maji polepole na kuweka badala yake aina ya nta inayoyeyuka majini, iitwayo poliethilini glikoli: unaanza na mchanganyiko mwepesi, unauzidisha kidogo kidogo. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama 1628 na kuinuliwa 1961, ilinyunyiziwa dawa hiyo miaka 17. Na Vasa ilikuwa na bahati: maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno kwa mnyoo wetu, ndiyo maana ilitoka karibu nzima. Kwa meli ya Mombasa, waliona heri wapime kila ubao, wauchore, kisha wairudishie mchanga. Uamuzi wa busara, ingawa watoto hawataupenda.

Vitu vidogo ndivyo vilivyopanda juu, navyo vina kazi yake. Tufe la mzinga likitoka baharini likaachwa likauke, chumvi iliyopenya ndani ya chuma huendelea kukila, na baada ya muda linabanduka magamba magamba. Hulowekwa kwenye maji yenye soda kali (kostiki soda), aghlabu na umeme mdogo ukipitishwa ili kuivuta chumvi itoke. Maji hubadilishwa na kupimwa mara kwa mara. Mzinga mkubwa unaweza kula miaka. Ukiharakisha, kutu inarudi chini ya rangi.

Mkienda na familia, fikeni asubuhi kabla jua halijawaka kwenye kuta za matumbawe, na mbebe maji. Waonyesheni watoto vitu vya meli kwanza, kisha muwapandishe upande wa ukuta unaotazama mkondo wa bahari, waone pale meli ilipolala. Mkifanya kinyume, hawataelewa wanatazama nini.

Mkirudi nyumbani, chukueni gae la mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Lilowekeni kwenye maji ya bahari siku mbili, kisha lianikeni juani. Litatoka unga mweupe juu yake. Chukueni gae la pili, lilowekeni vivyo hivyo, ila kabla ya kulianika likae siku kadhaa kwenye maji ya bomba yanayobadilishwa asubuhi na jioni: unga utapungua sana. Huo unga ni chumvi inayoganda ndani ya vitundu vya udongo na kuusukuma kutoka ndani, hata uso wa mtungi ukaanza kumeguka. Vyombo vya udongo vya meli hukaa majini muda mrefu kabla ya kuwekwa kabatini kwa sababu hiyo hiyo.