Rimu kubwa hainyanyui gari, jamani

Huyu ni wa nne mwezi huu. Kijana kaja gereji na kigari chake cha cc 1300, buti imejaa rimu nne za inchi 16 za mtumba wa Japani, tairi zishavalishwa kabisa, ananambia kaka nifungie hizi gari inyanyuke, kila nikenda Paje yale matuta ya msitu wa Jozani waliyoweka kwa ajili ya kima punju yananikwangua chini. Nikamwambia haitonyanyuka. Akasema weye funga tu, rafiki yangu kafunga na yake iko juu.

Haya. Nikachukua futi nikapima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa mlango nikatia chaki, nikafunga zote nne, nikajaza upepo, nikaisukuma mbele nyuma springi zikae sawa, nikapima tena. Pale pale. Akanambia futi yangu mbovu!

Sasa sikilizeni, maana mie nshachoka kubishana. Gari haibebwi na rimu, inabebwa na gurudumu zima, rimu pamoja na tairi. Tairi zake za zamani ni 175/65R14. Hiyo 175 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana, ndo kimo cha ukuta wa tairi, kwa hiyo ukuta ni milimita 113.75, unahesabu wa juu na wa chini unapata 227.5, rimu ya inchi 14 ni 355.6, jumla 583. Alizoleta ni 195/45R16, ukuta 87.75 mara mbili ni 175.5, rimu 406.4, jumla 582. Umeona? Rimu imekua inchi mbili na gurudumu limepungua milimita moja. Ndo inavyotakiwa, rimu ikipanda ukuta unashuka ili jumla ibaki ile ile. Na hata jumla ikizidi, gari inapanda nusu tu ya kilichozidi, kwa sababu ekseli iko katikati.

Angebaki na rimu zake za 14 akavaa 175/70 gurudumu lingefika 600, gari ingepanda karibu milimita 9 bila kununua rimu hata moja. Hichi ndo kinachoniuma, mtu katoa pesa nyingi kupata kinyume cha anachotaka.

Na yule rafiki yake? Bila shaka kavaa kitu kama 195/55R16, hiyo inafika 621, gari imepanda kama milimita 19 kweli. Lakini spidomita inasoma 80 na yeye anakwenda 85, na kilomita zinahesabiwa pungufu, akenda 106 gari inaandika 100. Halafu anakuja kulalamika gari inakula mafuta, na kweli kidogo inakula maana gurudumu ni zito na injini ni ndogo, ila sehemu ya huo ulaji ni hesabu tu.

Vitabu vinasema usizidishe asilimia 3. Mie naifata lakini siiamini kama msahafu. Nshaona gari imezidi 5 inakwenda miaka haikwaruzi popote, na nyingine haijafika 2 inasaga fenda kila ikikata kona, kwa sababu ofseti ya rimu, yaani pale inapofungwa ilivyoingia ndani au kutoka nje, imeitoa tairi nje. Mie napima hivi: watu wanne ndani, steringi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, halafu tuta.

Ukuta mfupi ndo unaoua rimu. Ukiingia shimo lenye ncha ya jiwe la matumbawe, kama njia zetu za ndani huku shamba, ukuta wa milimita 113 unabonyea unameza, wa 87 unabanwa mpaka chuma kinagonga. Rimu inapinda mdomo wa ndani, usikoona, weye unasikia steringi inatetemeka tu. Tunazinyoosha, ndiyo, na kwenye mashine ya balansi inapita vizuri. Ila nasema wazi, rimu niliyoinyoosha siifungi mbele kwa moyo mweupe. Alumini ikishapinda na kurudishwa si ile tena, na ufa mwembamba kama unywele jicho halioni.

Mengine haraka. Matundu ya nati yalingane, 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, ni 4x100, usiniletee karibu sawa. Tundu la kati la rimu likiwa milimita 73 na habu ya Toyota ndogo, kile kitovu kinachoingia humo, ni 54.1, tia pete ya katikati. Nati za rimu orijino nyingi za Toyota zina washa bapa, rimu zisizo orijino nyingi zinataka nati ya koni, ukichanganya zinalegea njiani. Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ukutani mwa tairi inayosema imetengenezwa lini, 2315 ni wiki ya 23 mwaka 2015, tairi hiyo imeshazeeka, hata iwe na meno yote siivalishi. Na namba ya uzito inayofuata saizi ya tairi pia, 82 ni kilo 475 kwa tairi, 80 ni 450, weye unayepakia magunia usishuke.

Ukishafunga, nenda Nungwi na kurudi, halafu rudi nikukazie nati tena, hiyo ya pili sikutozi.