Nafasi ya kukaa si kipimo cha abiria

"Bado kuna nafasi, sogeeni!" Ndivyo tunavyoambiwa ufukweni, nasi tunaamini kwamba ubao ukiwa mtupu, boti inaweza kupokea mtu mwingine. Si kweli. Kinachoamua ni uzito, na mahali uzito huo ulipokaa.

Marekani wana kanuni nyepesi kwa boti ndogo ya injini yenye urefu chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 18 kwa 5 inapata 90, yaani watu 6, nahodha akiwemo. Hiyo ni siku ya maji matulivu. Upepo ukivuma, punguza. Na usiipeleke kanuni hii kwenye mtumbwi wala ngalawa, maana maumbo yao ni tofauti kabisa.

Mizigo je? Gunia la kilo 70 ni abiria kamili, hata kama halilipi nauli ya mtu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kusimama. Watu wakisimama, uzito unapanda juu, na chombo kinayumba kirahisi. Maji yakishaingia, hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta chini zaidi. Vyombo vikubwa navyo havisalimiki: kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, uwezo wake ulikuwa watu 101.

Kabla hamjaondoka, tazama ukingo wa boti. Maji yakiwa yameukaribia, shuka, hata kama nauli hairudi.