Kuchangia konea maana yake nini hasa?

Konea ni ile sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, kama kioo cha saa ya mkononi vile, haina rangi, haina mishipa ya damu, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Ikipata kovu, labda kwa kidonda au kuunguzwa na kemikali, au ikianza kuchongoka, mwanga haupiti sawasawa na mtu anabaki kuona ukungu hata kama huko nyuma jicho lote ni zima. Sasa kuchangia konea ni kukubali ukiwa hai kwamba siku ukifariki kipande hicho kitolewe apandikiziwe mwingine, na kwa kuwa macho ni mawili wanaweza kufaidika watu wawili. Jicho zima halihamishwi jamani, na msichanganye na mtoto wa jicho, ule ni ukungu kwenye lenzi ya ndani na unatibiwa kwa lenzi ya bandia.

Wala sio jambo jipya. Mwaka 1905 daktari Eduard Zirm, kwenye mji wa Olomouc ambao leo uko Jamhuri ya Czech, alimpandikizia kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, jicho moja likashika akaona. Ilitangulia figo na moyo kwa miaka mingi, na kilichosaidia ni hilo la konea kutokuwa na damu, mwili hauikatai kirahisi. Ila kwa kujitolea mimi nawavulia kofia Sri Lanka, Dk. Hudson Silva alianzisha chama cha wachangiaji macho 1961, na 1964 wakapeleka macho Singapore kwenye themosi yenye barafu!

Kinachosumbua ni muda. Benki nyingi za macho, yaani vituo vinavyopokea na kuhifadhi konea, zinataka itolewe ndani ya masaa 6 mpaka 12 baada ya kifo, kwa hiyo ndugu wakati wanasubiri wanamfumba marehemu macho, wanaweka pamba iliyoloweshwa maji safi juu ya kope, wanainua kichwa kwa mto na feni inazimwa ili konea isikauke. Mtaalamu akifika anachukua na damu kidogo ya kupima UKIMWI na homa ya ini, kazi yenyewe kwa kawaida haifiki saa moja, halafu anaweka kifuniko cha plastiki chini ya kope anafumba, ukiangalia uso hujui kitu. Hata wanaozika siku hiyohiyo wanawahi.

Uzee, miwani, presha au sukari mara nyingi sio kizuizi.

Kwa Kenya benki ya macho ipo Nairobi, hospitali ya Lions kule Loresho. Lakini kusaini fomu ukaificha kabatini ni kazi bure, siku hiyo wewe huongei, wanaoulizwa ni mkeo, mumeo au watoto, na wakigoma basi kwa kawaida imeishia hapo. Waambie mapema, na namba ya benki ya macho mpe yule ndugu ambaye kwenye misiba hapaniki, kila ukoo unaye mmoja.