Swali la Shilingi Mia

Wiki jana, katika mkutano wa wafadhili hapa Kisumu, mzee mmoja mwenye heshima zake, ambaye alikuwa ameisoma ripoti ya shirika letu la maji salama hadi ukurasa wa mwisho (jambo ambalo wachache hulifanya), aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, katika kila shilingi mia ninayotoa, ngapi zinamfikia mama anayechota maji, na ngapi zinabaki ofisini?" Swali hilo nimewahi kulijibu kwa upole, kwa takwimu, na hata kwa mchoro wa duara wenye rangi nne. Safari hii nilikasirika, nikataja asilimia ya uendeshaji iliyo kwenye ripoti, yaani sehemu ya fedha inayobaki ofisini, na kuketi.

Kuuliza si kosa. Sisi tumelelewa katika harambee, na kila aliyewahi kuchangia karo au matanga anamfahamu mweka hazina ambaye daftari lake lilipotea ghafla. Kinachonikera ni imani iliyojificha nyuma ya swali, kwamba shirika linalotumia kidogo katika uendeshaji ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, mashirika matatu ya Marekani ambayo kazi yao ni kuwapa wafadhili taarifa kuhusu mashirika ya hisani, yalitoa barua ya pamoja kusema kwamba asilimia hiyo peke yake haipimi utendaji. Barua hiyo, kwa kadiri ninavyoona, bado iko njiani kuja Kisumu.

Tuangalie kazi yenyewe. Kando ya chemchemi kuna kitangi cha klorini; mama anaweka mtungi wake wa lita 20 chini yake, anageuza kitasa, dozi moja inadondoka, kisha anachota maji. Mpango wa namna hii ulijaribiwa na watafiti kule Busia, na dawa yenyewe ni rahisi. Gharama imo katika kumlipa mwendesha pikipiki anayeifikisha dawa kabla haijaisha, katika kumsaidia mhamasishaji wa kijijini, na katika kumtuma mtu anayebisha hodi nyumbani bila taarifa, kuomba maji ya kunywa kidogo, na kuyapima kama yanageuka rangi ya waridi, yaani kama kweli yana klorini.

Sasa, mtu huyo wa kupima ni wa mradi au ni wa ofisi? Mhasibu akiandika safari zake chini ya "ufuatiliaji na tathmini", shilingi zile zimebaki ofisini. Akiziandika chini ya "maji salama", zimemfikia mama. Chumba tunachohifadhia klorini kiko ndani ya ofisi hiyo hiyo, na kodi yake inaweza kugawanywa kwa ukubwa wa vyumba au kwa saa za wafanyakazi, na kila njia inatoa jibu lake. Mkaguzi wa hesabu akiona njia yoyote kati ya hizo ina maelezo ya kueleweka na tumeifuata mwaka mzima, ataikubali. Kwa hiyo ninaweza kuishusha asilimia ya uendeshaji kwa nusu bila kuhamisha hata tone moja la maji, na mfadhili atanipigia makofi.

Kuna uchungu zaidi. Utafiti mwingine wa Busia ulionyesha kwamba kujengea chemchemi kwa saruji kulipunguza uchafuzi pale pale kwenye chanzo kwa takriban theluthi mbili, lakini nyumbani kwa takriban robo tu, kwa sababu maji huchafuka tena njiani na ndani ya mtungi. Anayeishia kuhesabu shilingi zilizoingia kwenye saruji atapata asilimia ya kupendeza mno. Anayegundua pengo lile ni huyo huyo mpimaji tunayeombwa tumwachishe kazi.

Kuhusu ruzuku zinazokataza kulipia kodi na mishahara ya ofisi nitasema moja tu: hata serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiwaruhusu wapokeaji wasio na makubaliano maalumu kudai asilimia 10 kwa gharama hizo, iliipandisha hadi 15 mwaka 2024.

Nami si msafi. Asilimia hiyo nimeichapisha mwenyewe kwa wino mzito juu ya barua za kuomba michango, kwa kuamini kwamba inaleta fedha, na sijawahi kuijaribu imani hiyo. Vilevile tunafundishwa kumpigia simu mfadhili mpya kumshukuru ili atoe tena, ilhali jaribio kubwa la Marekani lililohusisha mamia ya maelfu ya wafadhili halikuona simu hizo zikiongeza michango. Bado ninapiga, sijui kama ni kwa ajili yao au kwa ajili yangu. Hata maji ya rangi ya waridi yana walakini wake, kwa kuwa baadhi ya akina mama wangeyachemsha bila sisi, na kuwatenga hao katika hesabu ni kazi ambayo hatujaimudu vizuri.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata yule mzee mlangoni, nikamwomba radhi, nikamweleza haya yote. Alisikiliza akiwa ameegemea bakora yake. "Basi achana na asilimia," akasema. "Niambie, kumpata mama mmoja ambaye maji yake nyumbani yanageuka rangi kunagharimu kiasi gani, kiangazi na masika?"

Ya kiangazi nilikuwa nayo, nikamtajia. Ya masika, wakati mvua inasomba uchafu wote hadi chemchemini, sikuwa nayo. Safari za kupima kati ya Machi na Mei tulizifuta mwaka huu ili asilimia ya uendeshaji ipendeze kwenye ripoti aliyokuwa ameishika mkononi.